Alama Zilibaki, Sauti Ikasogea

Akiru mama, mwanangu, ejok, hujambo.

Ni saa tisa mchana na nyumba imenyamaza. Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta neti ya mbu na ndoo yenye kifuniko, na najua mtachelewa, kwa sababu mama yako hanunui ndoo bila kuigeuza na kuigonga mara tano. Nimekaa pale unapopenda kukaa, karibu na dirisha, kompyuta ikiwa imefungwa mbele yangu. Nimechukua kalamu. Kwa mashine ningekuwa nafuta kila sentensi.

Kesho asubuhi unakwenda Kakuma kuanza kazi. Majirani hapa Nawoitorong wananiambia Kakuma si mbali, ni saa chache tu, na barabara siku hizi ni nzuri. Nawaitikia. Lakini tangu wiki iliyopita naacha chakula nusu, na mama yako anafikiri naogopa barabara. Habari za maji ya kunywa, za kufuli la mlango, za kumpigia shangazi yako ukifika, utazipata kwake, na ameshazisema kuliko unavyoweza kuvumilia. Mimi nina jambo moja tu. Mama yako analijua nusu. Nusu ya pili nimeificha miaka tisa.

Ukifika huko unaweza kulisikia kwa mtu mwingine, tena mtu mwenye haki ya kulisimulia kuliko mimi. Nimeona ulisikie kwangu kwanza, hata kama ukishalisikia hutanitazama tena kama ulivyonitazama leo uliponiletea chai.

Uliniuliza mara moja kwa nini sihariri tena masimulizi ya watu pale redioni, kwa nini nimebaki na matangazo ya soko la mifugo na ya shule zinazofungua. Nikakujibu kwamba masikio yangu yamechoka. Masikio yangu hayana kasoro, Akiru. Mjusi akipita juu ya mabati namsikia.

Unakumbuka siku niliyokuonyesha alama? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umekuja kituoni na sare ya shule, miguu imejaa vumbi. Nikakuonyesha sauti ya mtu ilivyolala kwenye kioo cha kompyuta kama milima na mabonde, na juu yake ule mstari wa muda wenye dakika na sekunde. Nikakwambia ubonyeze herufi M. Bendera ndogo ikasimama kwenye mstari, nawe ukaiandikia jina lako. Ukaniuliza, "Baba, ni kama ile alama ya sikio la mbuzi?" Nikacheka, nikasema ndiyo, ni hiyo hiyo.

Nilikudanganya bila kujua. Mbuzi akienda malishoni, akiibiwa, akivuka mto, alama ya sikio inakwenda naye. Katika programu tuliyokuwa tukitumia wakati ule, alama haikushika sauti. Ilishika mstari wa muda. Sauti ikisogezwa, alama inabaki pale pale imesimama, inaonyesha kitu kingine, na jina lake bado linasomeka vizuri kabisa.

Nilizipenda sana alama zile. Nilipoanza kazi hii nilirekodi kwa kaseti. Nilikuwa nasikiliza saa nzima, nikiandika namba za kaseti kwenye daftari, nikirudisha nyuma, nikipitiliza, nikirudisha tena. Kompyuta ilipokuja nikajiona nimepewa macho mapya. Wenzangu walihariri kipindi siku mbili, mimi asubuhi moja. Nikajisifu. Mkurugenzi wetu alikuwa akiwaleta wageni mezani kwangu waone ninavyoruka kutoka alama moja hadi nyingine bila kusikiliza yaliyo katikati. Kumbuka hilo neno, bila kusikiliza. Nililiona ni ufundi.

Mwaka ule ule niliokuonyesha alama tulikuwa na kipindi cha akina mama wanaolea watoto peke yao. Mama Rebeka, kiongozi wa kikundi kimoja cha wanawake kule kambini Kakuma, akaniambia yupo mama kutoka Sudan Kusini ambaye habari yake ingewapa wengine nguvu. Jina lake Nyandeng. Nilikwenda kumrekodi nyumbani kwake, nyumba ya udongo yenye ua wa miiba, jenereta ya jirani inanguruma.

Mume wa Nyandeng alikufa vitani. Baada ya mazishi, shemeji yake akasema mtoto wa marehemu ni wake kumwoza, na alikuwa ameshamwahidi mzee mmoja. Mtoto huyo, msichana aitwaye Abuk, wakati ule alikuwa na miaka kumi na miwili, sawa na wewe ulipobonyeza ile herufi. Nyandeng akaondoka naye alfajiri, kwa miguu, kisha kwa lori, mpaka wakavuka mpaka wakafika Kakuma. Walikuwa wamejificha miaka miwili. Shemeji alikuwa akija kambini na biashara zake akiwauliza watu, na watu walimwambia hawajui. Kambi ni kubwa, mtu anaweza kupotea ndani yake akitaka.

Nyandeng alikubali kusema redioni kwa sababu alitaka wanawake wengine wajue kwamba inawezekana kukataa. Lakini kulikuwa na mambo ambayo hakutaka yatoke hewani, naye hakuweza kuyaruka alipokuwa akisimulia. Alikuwa mtu wa kusimulia kwa mpangilio. Ukimkata alipotea. Kwa hiyo tukapatana.

"Hii jina ya mtoto utatoa?" aliniuliza.

"Nitatoa."

"Na kanisa, pale nauza chai?"

"Na kanisa pia, mama. Ukifika mahali hutaki patoke, inua mkono. Mimi naweka alama. Nikifika kituoni Lodwar nakata yote yenye alama."

Akainama akatazama kioo. "Hiyo kitu haisahau?"

"Haisahau," nikamwambia.

Aliinua mkono mara nne. Mara nne nikabonyeza mkono ukipanda, nikabonyeza tena ukishuka, na jioni ile kabla sijaondoka Kakuma nikaziandikia majina, TOA MTOTO, TOA KANISA, TOA SHULE, TOA SHEMEJI. Nililala nimeridhika na kazi yangu.

Kipindi kilikuwa kitoke Ijumaa saa saba mchana. Ijumaa asubuhi nilikuwa na kazi nyingine mbili, na ofisa mmoja alikuwa studioni akisubiri kurekodiwa. Nikafungua sauti ya Nyandeng. Mwanzoni kulikuwa na dakika mbili na zaidi za jenereta na kuku na mimi nikipima kipaza sauti, hazikuwa na maana. Nikazikata. Sauti yote iliyobaki ikasogea nyuma kuziba lile pengo. Alama hazikusogea.

Nikafanya nilivyozoea. Nikaruka hadi TOA MTOTO, nikakata. Nikaruka hadi TOA KANISA, nikakata. Shule, nikakata. Shemeji, nikakata. Nikasikiliza dakika tatu za mwanzo kuona kama sauti inatosha, nikasikiliza dakika ya mwisho, nikaihifadhi, nikaenda studioni kwa yule ofisa. Kazi yote haikufika nusu saa.

Saa nane nilikuja nyumbani kula. Mama yako alikuwa ameketi pale mlangoni na redio ndogo pembeni. Hakunisalimia.

"Huyu mama wa chai," akasema, "si uliniambia amejificha?"

"Ndiyo."

"Basi mbona ametaja kanisa? Kanisa la paa la buluu, karibu na kisima. Na Abuk yuko darasa la saba, anatoka shule saa kumi. Ametaja yote."

"Labda umechanganya na kipindi kingine."

"Hakuna kipindi kingine," mama yako akasema.

Sikula. Nilirudi kituoni karibu nikikimbia, nikavaa vifaa vya kusikilizia, nikafungua kile tulichorusha. Jina la mtoto lilikuwamo. Kanisa lilikuwamo. Shule ilikuwamo, pamoja na saa ya kutoka. Na pale nilipokata, nilikata mambo mengine kabisa. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na nusu.

Sasa nafika kwenye ile nusu ambayo mama yako haijui.

Namba ya Mama Rebeka ilikuwa kwenye simu yangu. Ningempigia saa ile, angetuma mtu shuleni, na mtoto angetolewa kwa mlango wa nyuma. Nilijua hivyo, tena nilijua vizuri. Niliishika simu. Halafu nikafikiria nitamwambia nini, na yeye atamwambia nani, na mkurugenzi atasemaje, na wale wageni wanaoletwa mezani kwangu. Nikajiambia, nani kambini anasikiliza redio saa saba mchana na jua hili? Nikajiambia kwamba la muhimu ni marudio ya saa moja jioni, nirekebishe yale, yasitoke tena na makosa. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Nikakata kipindi upya. Safari hii nilisikiliza kila neno. Niliweka alama upya, nikasikiliza tena, nikabadilisha faili kimyakimya, mtu yeyote asijue. Ilinichukua saa mbili. Nilifanya kazi nzuri sana saa zile mbili, Akiru, na hicho ndicho kinachoniogopesha mpaka leo. Nilikuwa nimejipa kazi ya kufanya ili nisipige simu, na kazi ile ilinituliza.

Abuk alichukuliwa saa kumi na nusu, njiani kutoka shule. Watu watatu na gari. Aliyekuwa amesikia redio ni mtu anayefanya biashara na shemeji, alikuwa amekaa dukani akisubiri mzigo.

Saa kumi na mbili simu ikaita. Niliona jina la Mama Rebeka. Nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, ndipo nikapokea.

"Redio yenu imetaja mtoto," akasema. "Mtoto hayupo."

Nilikwenda Kakuma usiku ule na gari la kituo. Mama yako alinisindikiza hadi getini, akaniuliza kama nilimpigia Mama Rebeka mapema. Nikamwambia nilipiga mara moja, haikupokelewa. Alinishika mkono akasema pole. Kila nikikumbuka ule mkono nasikia aibu kuliko nikikumbuka mengine mengi.

Nyandeng nilimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, wanawake wamemzunguka, Mama Rebeka kati yao. Hakulia mbele yangu. Alisema polepole, kama mtu anayepima kila neno.

"Mimi niliinua mkono."

"Ndiyo, mama."

"Wewe ulisema hiyo kitu haisahau."

"Ndiyo."

"Ulijua saa ngapi?"

Swali lile lilinikuta nimesimama. Wanawake wote waliniangalia. Nikasema, "Jioni, Mama Rebeka aliponipigia."

Nyandeng akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Hilo ndilo lililokuja kunila baadaye, kwamba baada ya yote yale aliniamini.

Nilikuwa nimebeba kompyuta. Ndani yake kulikuwa na sauti kamili, ile ya mwanzo isiyokatwa, ambamo Nyandeng anamtaja shemeji, anaeleza gari lake na nyumba anayofikia akiwa Lokichoggio, mji wa karibu na mpaka. Safari hii niliuliza kabla ya kugusa kitu. Akaniambia, "Peleka." Kituoni kwa polisi tukasikiliza pamoja, yeye, mimi na askari mmoja mwanamke aliyekuwa akiandika, na askari yule akapiga simu kwenye vizuizi vya barabara ya kwenda mpakani, kisha Lokichoggio. Siku mbili tulikaa kwenye benchi pale nje. Nyandeng hakuniambia neno, wala hakuniambia niondoke. Watu walimletea chai, yeye ambaye kazi yake ni kuuza chai, akaiacha ikapoa.

Walimpata Jumapili jioni, kwenye nyumba moja si mbali na uwanja wa ndege wa Lokichoggio. Walikuwa wakisubiri lori la kuvuka. Jumatatu asubuhi askari yule mwanamke akamleta. Abuk alishuka kwenye gari bado amevaa sare ya shule, mkono mmoja umefungwa kwa kitambaa. Alimkumbatia mama yake muda mrefu. Kisha akaniona. Akamuuliza mama yake kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nielewe, "Huyu ndiye wa redio?"

"Ndiye," Nyandeng akasema.

Aliniangalia tu. Sijui aliona nini. Nikainamisha kichwa nikaenda garini.

Kituoni mkurugenzi aliuliza nini kilitokea. Nikasema kompyuta ilikosea. Hakuna aliyebisha, maana hakuna aliyeijua kompyuta kuliko mimi. Baada ya miezi miwili niliomba nitolewe kwenye masimulizi. Nikawaambia na wao ile habari ya masikio.

Nyandeng na Abuk walihamishwa sehemu nyingine ya kambi. Karibu mwaka mmoja ulipita, kisha Mama Rebeka akanitumia ujumbe kwamba Nyandeng anataka kitu kwangu. Alikuwa ameambiwa na watu kwamba redioni hakusikika akiimba. Katika mazungumzo yetu aliimba wimbo ambao mama yake aliuimba akitwanga mtama, na mama yake alikufa kabla hawajakimbia. Ule wimbo ndio nilioukata mahali pa jina la mtoto. Nilikuwa nimemwachia kilichomhatarisha, nikamtolea alichobaki nacho kwa mama yake. Nikaupata kwenye sauti ya mwanzo, nikauhifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, nikaupeleka. Alisikiliza simu ikiwa sikioni, akiangalia ukuta. Aliusikiliza mara tatu. Kisha akasema, "Umefanya vizuri kuleta. Lakini usirudi."

Sijarudi.

Wiki iliyopita ulipotusomea barua ya kazi mezani, ukasoma na jina la mtu atakayekufundisha kazi huko, mkalimani na mrekodi, Abuk, na jina la baba yake. Nikasema jina hilo ni la kawaida kwa watu wa kwao. Nikatoka nje nikajifanya nafunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa. Asubuhi yake nikampigia Mama Rebeka, akanithibitishia kwamba ndiye. Sasa ana miaka ishirini na mitatu. Anarekodi watu wanaofika kutoka mpakani, na anasifiwa.

Nilifikiria mambo mengi ya woga. Nilifikiria kukushawishi uache kazi hii, nikuambie mama yako ana presha, usimwache. Siku ya Jumanne nilifungua mdomo nikusimulie uongo huo, wewe ukaniletea mashine yako ndogo ya kurekodi unionyeshe jinsi ulivyoifunga kwa kitambaa isiingie mchanga. Nikafunga mdomo. Nilifikiria pia kuacha tu, labda Abuk hatajua wewe ni mtoto wa nani. Lakini jina langu unalibeba mwisho wa jina lako, na sauti yangu imo kwenye redio kila siku inataja bei za mbuzi.

Naogopa, Akiru. Naogopa utachukiwa kwa ajili yangu, na huna kosa. Zaidi ya hapo naogopa kitu kingine. Kukosea utakosea. Mashine unazijua kuliko mimi, programu za siku hizi zinashikisha alama na sauti ukitaka, na nimeona unavyosikiliza kazi yako mpaka mwisho ukiwa umefumba macho. Hata hivyo utakosea. Siku moja utakaa mbele ya kioo, utaona kilichotoka na hakikupaswa kutoka, na utakuwa na simu mkononi. Siwezi kukwambia utajisikiaje. Mimi nilijisikia mtulivu, nami nilikuwa na wewe wa miaka kumi na miwili hapa nyumbani, na bado haikunijia kwamba yule naye ni mtoto wa mtu. Sijui kama jambo hili liko kwenye damu. Usiku nimelala nalifikiria, kama mtu anayejiuliza kama amempa mtoto wake ugonjwa.

Jana mchana, wewe ukiwa kwa rafiki zako, nilifanya nilichopaswa kufanya saa nane na nusu ya Ijumaa ile. Nilimpigia Mama Rebeka. Nilikuwa nimewaza kukupa wewe barua uwapelekee Nyandeng na Abuk, kisha nikaona ule ungekuwa mzigo wangu juu ya kichwa chako. Nikamwambia mwenyewe. Nikamwambia nilijua saa ngapi, na kwamba simu ilikuwa mkononi, na kwamba nilimdanganya Nyandeng mbele yake yeye na wanawake wote.

"Miaka hii yote nimekuwa nikikutetea," Mama Rebeka akasema. Kisha akasema, "Nitawaambia leo."

Tangu hapo nimekuwa nikisubiri. Mama yako nitamwambia kesho wewe ukishaondoka, hapana, nimekosea, nitamwambia leo. Nimeanza tena kuahirisha.

Nilikuwa nimefika hapa kwenye kuandika simu ilipoita. Nimepokea mara ya kwanza ilipoita. Mama Rebeka amesema aliwakuta wote wawili nyumbani. Nyandeng alitoka nje akaenda kufua, akafua nguo ambazo tayari zilikuwa safi. Abuk alikaa. Aliuliza maswali machache ya saa, nani alikuwa wapi saa ngapi, kama mtu aliye kazini. Mwisho akauliza, "Binti yake anajua?"

Mama Rebeka akamwambia hana hakika.

"Basi asifike hapa kabla hajajua," Abuk akasema. "Akijua, na bado anataka kazi, aje. Nitamfundisha."

Mama Rebeka anasema hakuwa na hasira usoni, lakini pia hakuwa na kitu kingine anachoweza kukitaja.

Nilikusudia kuiweka barua hii ndani ya mkoba wako, chini ya nguo, uikute ukiwa huko, mimi nikiwa mbali. Sitafanya hivyo. Nawasikia kwenye njia, mama yako anacheka jambo fulani. Mkiingia nitakupa mkononi, na wakati unasoma nitakuwa nyuma ya nyumba na mama yako, namwambia ile nusu asiyoijua. Utatusikia, kwa sababu kuta zetu ni nyembamba. Usitoke kutuamua. Na ukimaliza kusoma, ukiona huwezi kuniaga kesho, nenda bila kuniaga, gari linaondoka saa kumi na mbili na mama yako atakupeleka. Lakini ukienda, nenda ukiwa umejua.

Mimi baba yako.